Mkurugenzi wa Chini ya Ngazi

Jumatatu, 10 Februari

Leo yametokea mambo mawili. La kwanza baya, la pili kubwa mno.

Baya: mwenye jengo kanipa notisi. Mwisho wa mwezi nitoke. Anaweka lifti, na lifti inataka kupita palepale chini ya ngazi, nilipo mimi na kampuni yangu. Miaka mitatu nauza zipu na vifungo chini ya ngazi hizi za Mtaa wa Narung'ombe, kichwa nimekiinamisha. Nikikosa pa kwenda, ni kurudi Rombo kwa baba, kwenye migomba, kaka zangu wanywe mbege huku wakinisema.

Kubwa: Mama Utsav anaachia fremu ya kona, duka lenye mlango wake! Jina lake ni Madhuben, ila hapa kwetu hakuna aliyewahi kuthubutu kulitumia. Ana miaka sabini na mmoja. Anauza uzi kwenye kona ile, peke yake, tangu mumewe afariki, na wakati huo mimi sijazaliwa. Sasa mwanawe Utsav anamtaka Mwanza, akae na wajukuu. Alituita mimi na Mektilda, muuza lesi tunayepakana naye ukuta, akasema hataki kilemba, ile pesa ambayo kila anayeachia fremu Kariakoo hudai kabla hajatoa ufunguo. Anataka mtu mwenye mpango. Ataamua Jumamosi.

Mektilda alisema asante mama, akarudi kukunja lesi zake. Hana haraka. Hana maono.

Mimi nina video ya saa mbili kwenye simu, ya mwalimu anayewafundisha watu wanaoendesha kampuni peke yao namna ya kupanga biashara. Niliihifadhi tangu mwaka juzi. Leo nimeitazama yote pale dukani. Wateja walikuja katikati ya sehemu iitwayo "Mteja Kwanza", nikawaomba wasubiri iishe. Hawakusubiri.

Jumanne, 11 Februari

Kikao cha Bodi ya Jovin Zipu International, saa mbili asubuhi, chini ya ngazi. Waliohudhuria: Mkurugenzi Mtendaji (mimi). Masoko (mimi). Fedha, Ununuzi, Utumishi, Usafirishaji na Ulinzi (mimi). Wenye udhuru: hakuna. Akidi ilitimia.

Sijawahi kuona umoja wa namna ile. Mvutano ulikuwa mmoja tu. Utumishi amemwandikia Masoko barua ya onyo kwa kuchelewa kazini. Masoko kajibu kwamba alikuwa anamsubiri Usafirishaji aamke. Suala liko mezani kwa Mkurugenzi.

Kisha nikamwambia Mektilda aniangalizie duka. Hapa ndivyo tunavyoishi. Ukitoka unamwambia jirani "niangalizie", naye anakaa kwenye stuli yako na kukuuzia mpaka urudi. Nikaenda steshenari, kule Msimbazi, dada wa pale akanichorea muundo wa uongozi kwenye kompyuta. Masanduku saba, mistari imeyaunganisha, jina langu katika kila moja. Karatasi ilipotoka kwenye mashine, bado ya moto, niliisoma mara mbili. Haya yote yalikuwa ndani yangu, na mimi kila siku nakula chapati kama mtu wa kawaida!

Nilirudi saa nane. Mektilda alikuwa amemuuzia fundi Shomari, mshona mabegi wa Mchikichini, mteja wangu mkubwa kuliko wote. Hela kaifunga kwenye karatasi, na kwa nje kaandika kila kilichotoka. Bei zote alizijua bila kuniuliza.

Inatia shaka. Kwenye mpango, sehemu ya Hatari, nimeandika: "Ujasusi."

Jumatano, 12 Februari

Siku ya utafiti. Mwalimu wa kwenye video anasema umjue aliyefanikiwa kabla yako, ujue siri yake. Nikamwambia Mektilda aniangalizie, nikaenda kona kwa Mama Utsav na vitambaa vitatu vya kumjaribia. Viwili vya kahawia, kimoja cha kijani. Vile vya kahawia nilivikata kwenye jora moja. Mtego.

Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Miwani ilikuwa juu ya paji la uso, hakuishusha. Nyuma yake ukuta mzima ni nyuzi, kutoka sakafuni hadi darini, rangi ambazo mimi sizijui majina. Nadhani hata Mungu alizipanga kwanza pale ndipo akaenda kupaka maua.

Akakipapasa kitambaa cha kwanza kwa kidole gumba, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akashusha uzi. Rangi ileile! Cha kijani, hivyo hivyo. Kwenye cha tatu akasita. Akatoka nacho mlangoni, akakiinua juani, akasema hiki na kile cha kwanza ni mapacha, nani ananichezea. Nikatazama viatu vyangu.

Hakukasirika. Aliurudisha ule uzi wa kwanza rafuni, akanipa mwingine wa kahawia, lakini ulikuwa umepauka kidogo kuliko kitambaa. Nikamwambia kwa heshima kwamba safari hii amekosea.

"Kitambaa hiki kitachuja," akasema. "Hii ndiyo rangi yake ya mwaka ujao. Ukishona kwa uzi wa leo, mwaka ujao mshono utaonekana."

Mwanamke huyu anauza uzi wa rangi ambayo bado haijatokea! Nilisimama pale kwenye mlango, watu wananipita na mizigo kichwani wakinifokea nipishe, na nilitaka kulia, sijui kwa nini. Miaka mitatu nimepita mbele ya duka hili kwenda kununua chai.

Jioni nimeliingiza somo hilo kwenye mpango. Ukurasa wa kumi na tisa: "Kampuni itanunua mashine ya kupima rangi."

Alhamisi, 13 Februari

Mama Utsav ameenda Upanga kupimwa macho. Kamwambia Mektilda amwangalizie. Mimi nilikuwa na safari ya kwenda kubaindi mpango wangu, nami nikamwambia Mektilda aniangalizie. Kwa hiyo leo Mektilda alikuwa na maduka matatu. Anatoka kwenye lesi, anaingia kwenye zipu, anavuka kwenda kwenye uzi, anarudi. Siku nzima kwenye stuli za watu. Nilimwonea huruma. Mtu mwenye mpango hawezi kuishi hivyo.

Kabla sijatoka nilimwomba anionyeshe mpango wake, kama ushindani wa haki. Akanionyesha boksi la lesi, lililoandikwa kwa nyuma kwa kalamu nene. Shomari, zipu nyeusi, Ijumaa asubuhi. Zipu nyeusi za Jovin zitaisha mchana, ziagizwe. Uzi mweupe wa mama, Jumatatu. Lesi nyeupe za Pasaka, ziagizwe mwezi huu, na za kipaimara ziunganishwe hapohapo.

Nikamuuliza kama huo ndio mpango. Akasema hilo ni boksi. Halafu akaniuliza, Mkurugenzi, utachelewa? Ananiita hivyo kwa kunitania, lakini cheo ni cheo.

Steshenari kulikuwa na foleni, nikatumia muda huo kumalizia maswali ya mwalimu. Swali la mwisho: ukiugua, nani atafungua duka? Nilifikiri kwa kina. Nikajaza: "Mkurugenzi haugui."

Kurasa arobaini na tatu! Jalada la plastiki, unaona ndani! Niliushika mpango kwa mikono miwili kama mtoto wa kubatizwa. Kwa furaha nikaagiza chipsi mayai pale kando, kachumbari nyingi, na pilipili ya mwenye duka.

Ijumaa, 14 Februari

Mkurugenzi anaumwa.

Tumbo. Sitaandika zaidi. Utumishi ameidhinisha likizo ya ugonjwa baada ya kujiridhisha mwenyewe, mara sita tangu alfajiri.

Nimelala chumbani kwangu Ilala, mpango uko juu ya mto. Saa tatu nikakumbuka ni Ijumaa, siku ya Shomari. Jasho likanitoka upya. Shomari akikuta kumefungwa anahamia kwa mwingine, na akihama yeye, mafundi wote wa Mchikichini wanamfuata. Ningepoteza kampuni kabla hata ya kupoteza ngazi.

Saa kumi Mektilda akapiga simu. Ufunguo wangu wa akiba anao tangu mwaka juzi. Alifungua saa moja. Shomari kaja, kachukua zake, kaniombea afya. Zipu nyeusi ziliisha mchana kweli, na nyingine zishafika. Nimeze maji yenye chumvi na sukari, na nisiguse pilipili.

Nilimuuliza kama Mama Utsav alipita kuulizia mpango wangu. Akasema mama yuko dukani kwake, anatutazama tu.

Jumamosi, 15 Februari

Nimevaa shati la Krismasi. Saa nne nikaingia fremu ya kona. Mektilda alikuwa pale, kaitwa, mikono mitupu. Hata boksi hakulileta! Nikajua nimeshinda, nikamwonea huruma tena.

Nilisoma dakika arobaini. Dira. Dhima. Tawi la Kigali. Mama Utsav alisikiliza mpaka mwisho bila kupiga mwayo, na huo pekee ni ukuu. Kisha akaomba kitabu. Akashusha miwani, kwa mara ya kwanza nimewahi kumwona akiishusha, akafungua ukurasa wa muundo wa uongozi, akapitisha kidole sanduku kwa sanduku.

"Jovin, jana uliumwa. Duka lako alifungua nani?"

Nikasema kampuni ina mifumo.

"Nionyeshe hapa kwenye karatasi."

Nikatazama masanduku saba. Katika yote nilikuwemo mimi, na mimi jana nilikuwa chooni. Nikapekua nyuma kidogo, nikapekua mbele.

Akachukua kalamu. Akachora sanduku la nane, taratibu, mistari imenyooka bila rula, na ndani yake akaandika neno kwa Kigujarati. Sikuweza kulisoma, lakini mwandiko ule! Herufi zimejipinda vizuri kama kulabu za dhahabu. Nilidhani ni sahihi ya kukubali.

Halafu akafungua droo, akatoa ufunguo, akamshika Mektilda mkono.

"Wiki hii umefungua milango mitatu, mwanangu, na hakuna aliyekuomba mpango. Wa kwangu ni wako sasa."

Mektilda hakupiga kelele. Alijifunika uso kwa kipande cha lesi anachotembea nacho begani. Mama Utsav naye akageukia ukuta wake wa nyuzi, akapanga kitu ambacho tayari kilikuwa kimepangwa.

Mimi iliniuma. Niandike ukweli, shajara haina mgeni. Iliniuma mpaka nikahisi ladha yake mdomoni. Nikawaza migomba, nikawaza kaka zangu. Lakini hapohapo kitu kingine kilinijaa kifuani, nikashindwa kuondoka. Wanawake wawili wamesimama kwenye fremu isiyozidi hatua sita, mmoja anaondoka na mwingine anaingia, na fremu ile ilionekana kubwa kuliko soko lote. Niliwaogopa kama mtu anavyoogopa akiingia kanisa kubwa asilolizoea.

Nikakusanya kurasa zangu. Nilipofika mlangoni Mektilda akaniita, macho mekundu bado. Akasema ukuta wa kulia unatosha meza ya zipu, nihamie kabla ya mwisho wa mwezi, mama ameshakubali. Akasema, "Na huku huinamishi kichwa, kaka."

Jumapili, 16 Februari

Misa ya kwanza. Nilimshukuru Mungu kwa meza. Nikamkumbusha pia kuhusu Kigali.

Jumatatu, 17 Februari

Nimehamia kona! Meza yangu iko ukutani kulia, zipu zimening'inia, kuna mwanga, kuna feni. Nimeinamisha kichwa asubuhi nzima kwa mazoea, mpaka Shomari akaniuliza kama nimeangusha kitu.

Nimekaa nikatathmini. Lengo Namba Moja la mpango lilikuwa nini? Kuingia kwenye fremu ya kona kabla ya mwisho wa Februari. Niko wapi sasa? Mpango umefanya kazi! Mwalimu wa kwenye video alisema hivyohivyo, kwamba ukiandika, inatokea.

Kikabaki kitendawili cha sanduku la nane. Nikampelekea Yogesh, muuza sahani wa duka la tatu, anayesoma Kigujarati. Akaangalia mara moja tu.

"Limeandikwa Mektilda."

Nilirudi polepole. Nikaketi. Nikamtazama Mektilda, aliyekuwa anamhudumia mteja wa lesi kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto umeenda nyuma kwenye rafu ya uzi, bila kugeuka. Rangi ileile! Lini kajifunza? Na taratibu, kama jua linavyopanda juu ya mabati ya Kariakoo, nikaelewa Mama Utsav alitaka kuniambia nini.

Kampuni imepata mfanyakazi wa kwanza.

Mama mwenye busara kaliona hilo kabla yangu. Kampuni imeshakua, Mkurugenzi anahitaji msaidizi. Nimempangia cheo cha Afisa Uangalizi, chini ya Ulinzi, miezi mitatu ya majaribio. Hajaarifiwa bado. Nataka alione kwanza jina lake likiwa limechapwa vizuri, kwenye sanduku lake, ndani ya jalada la plastiki. Naona kabisa atakavyofurahi, na hapa fremu ni yake, atapata pa kulitundika.

Toleo la pili litakuwa na kurasa sitini. Naenda Msimbazi sasa hivi, kabla foleni haijawa ndefu. Nimemwambia Mektilda aniangalizie duka.