Majibu Yasiyo na Maswali

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kumi na tisa ya ndoa! Asubuhi kipenzi changu kanifunga vifungo vya shati, kaniita Injinia. Nimekwenda kazini naelea. Huko Mzee wa Kasoro, mkaguzi wa kila msimbo wa kompyuta ninaouandika, akanishusha chini. Bosi katangaza kwamba maoni ya ukaguzi sasa yaandikwe humo humo ndani ya msimbo, kwenye mistari ya maelezo, yasipotee. Mzee akaeleza utaratibu saa nzima. Sikusikia neno. Nilikuwa namtumia kipenzi mioyo kwa simu. Ijumaa nathibitishwa kazini. Mama mkwe ameshaambiwa!

Jumanne, 4 Machi
Kwenye sehemu yangu ya kufuta miadi, katika programu ya zahanati, Mzee kaandika kwamba hii ni kazi ya mtu aliyelewa mapenzi, irudiwe yote. Yote! Nyongo imenipanda. Wivu huo. Nitamjibu papo hapo, chini ya maneno yake. Bosi akisoma atajua mbivu na mbichi.

Jumatano, 5 Machi
Majibu kumi na moja! Kipenzi kanisikiliza hadi la nne, akauliza kwa nini nisimwendee tu Mzee tukazungumza. Malaika wangu. Hajui dunia.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Kumbe kila alfajiri kompyuta hukusanya maelezo hayo na kutengeneza mwongozo wa mteja, yaani zahanati. Mstari unaoanza na nyota hauchapishwi. Ndicho Mzee alichoeleza Jumatatu. Yake yote yana nyota. Yangu hata moja halina! Kwa hiyo kejeli zake zimejificha, zangu zimetoka peke yake. Muuguzi mkuu wa zahanati kapiga simu. Chini ya "Kufuta miadi" kasoma jibu langu kwa Mzee kana kwamba ni yeye anayeambiwa: kwamba amekauka kama kuni kwa kuwa hana wa kumngoja nyumbani. Kauliza nani katuambia habari zake. Ni mjane.

Ijumaa, 7 Machi
Sikuthibitishwa. Miezi mitatu mingine ya majaribio, chini ya Mzee. Anadai hana kinyongo, ila sehemu yangu ukifuta miadi ya mgonjwa mmoja inafuta ya wote. Visingizio! Kipenzi yuko chumbani anamweleza mama yake. Mlango kafunga. Nimekula peke yangu, mara ya kwanza tangu harusi. Uchungu!
Lakini sasa nyota naijua. Nimeandika majibu mapya ishirini, makali zaidi, kila mstari na nyota yake, pale mwishoni kabisa mwa mstari. Mwanzoni, mwishoni, nyota ni nyota!