Spika Mbili Kama Mafahali

Jumatano, 2 Julai

Spika hazifai. Kasema Jean-Marie, fundi redio wa hapa Kashaulili, kabla hata sijazishusha kwenye guta. Kasema amplifaya yangu ya valvu, urithi wa mjomba, ina chupa moja tu ya kioo ya kusukuma sauti kwa kila spika. Wati nane, basi. Inataka spika inayoamka kwa kuguswa tu, desibeli tisini na tano kwenda juu. Hizi zina themanini na nne. Kasoma nyuma ya boksi.

Wivu! Nimezichagua kama baba alivyonifundisha kuchagua fahali: kifua, kimo, uzito. Nimezibadilisha na baiskeli ya Lucia, mke wangu. Bado hajui.

Alhamisi, 3 Julai

Amejua. Kauliza shamba la Misunkumilo atalifikia amepanda spika ipi, ya kulia au ya kushoto.

Nikamweleza mpango. Mzee Makoye anamwoza binti yake Nyanzala mwezi ujao. Ametamka mbele za watu: mimi na Sylvanus, mpiga muziki mwenzangu wa harusi, tushindane Sabasaba, kama ng'oma zetu za Kisukuma zinavyoshindana baada ya mavuno. Uwanja mmoja, wakati mmoja, kila mtu upande wake. Atakayevuta watu wengi, muziki wa harusi ni wake. Nikishinda, malipo ya harusi yataikomboa baiskeli. Lucia kasema nikishindwa, nitambeba mgongoni.

Jumamosi, 5 Julai

Jaribio sebuleni. Utamu ulioje! Kisha binti yetu Hana akaanza kukaanga vitunguu, muziki ukapotea. Kosa la vitunguu.

Jean-Marie kaja na spika zake kuukuu za honi, midomo mipana kama beseni. Kanisihi nizijaribu. Nimekataa. Mabeseni huenda harusini kama zawadi, si kama muziki.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Sylvanus kafika na rundo la spika nyeusi na amplifaya ya transista. Uwanja ukatikisika. Mafahali wangu walisimama kwa heshima. Watu wakadhani bado nafunga nyaya. Sylvanus kaniuliza kwenye maiki kama namsubiri mgonjwa aamke. Upande wangu akabaki Lucia peke yake, tena kwa sababu ya kivuli cha spika.

Jean-Marie hakuniomba ruhusa. Kachomoa nyaya, kaziunga kwenye honi. Lo! Mwimbaji kama amesimama mbele yetu. Sylvanus kaongeza sauti, zake zikaanza kukoroma. Akina mama wakavuka kwanza, wasikie maneno ya wimbo. Wakafuata mabinti. Vijana wakafuata mabinti.

Mzee Makoye kasema harusi ni yangu. Kaongeza: nilete vyombo hivi hivi, nisiguse kitu.

Jumanne, 8 Julai

Nimeutafakari ushindi. Ni wazi watu walivutwa na umbo la mafahali. Honi zilisaidia kidogo.

Celestin wa Mishamo kapiga simu. Ana spika zinazonipita kimo! Atazitoa kwa cherehani. Lucia kaulizia baiskeli. Nimemwambia baada ya harusi.

Nazifuata Jumamosi, tarehe 12, asubuhi. Lucia atakuwa amekwenda shamba. Sasa anatembea kwa miguu, kwa hiyo nitapata muda wa kutosha kulitoa cherehani lake.