Kodi Iliyogandishwa ya Bibi Opal

Jumatatu, 4 Machi

Nimepata nyumba! Yaani, Brandi ndiye kaipata. Huyu ni wifi yangu, dada wa mume wangu Curtis, anakaa Texas na hakosi kunikumbusha. Kapiga simu asubuhi. Nyumba ya njano mtaani kwake, vyumba vitatu, ua wa nyuma wenye mti wa kufungia bembea. Mwenyewe, bibi mmoja aitwaye Opal, anaiuza ahamie kwa mwanawe. Kodi ya nyumba, ile mwenye nyumba anayoilipa serikali: dola 1,140 kwa mwaka. Kwa mwaka! Hapa Joliet nyumba kama hiyo kodi yake inafika elfu saba. Kisha akanimaliza kabisa: Texas mshahara haukatwi kodi ya jimbo hata senti. Akasema pole wifi, nyie huko Illinois mnakamuliwa kama mbuzi.

Nimechora safu mbili kwenye karatasi, Illinois huku, Texas kule, nikabandika kwenye friji. Texas imeshinda kila mstari. Curtis kaitazama huku anakula. Kauliza hizo namba nimezitoa wapi. Nikasema kwa dada yako. Akaacha kula.

Jumanne, 5 Machi

Maisie kaamka anakohoa tena. Ukungu wa dirishani umerudi, mweusi, na niliufuta Jumapili tu! Mtoto wa miezi tisa hapaswi kulala kwenye chumba kinachonuka soksi mbichi. Basi nikaamua. Nimeandika notisi kwamba tunahama mwisho wa Aprili, nikashuka nayo kwa Bwana Zielinski, mwenye nyumba wetu, hapo chini kwenye duka lake la kufulia nguo kwa mashine. Curtis kagoma kutia sahihi. Anasema tuulize kwanza. Mimi naona kuuliza sana huleta mkosi.

Bwana Zielinski kasoma taratibu. Kauliza tunakwenda wapi. Nikasema mahali pasipo na kodi. Alicheka mpaka akavua miwani. Akataka kujua kama barabara za huko hutengenezwa na kindi.

Wivu tu.

Alhamisi, 7 Machi

Naandika nikiwa sakafuni.

Nilipiga simu ofisi ya kodi ya huko kwa Brandi. Si kuuliza. Kujitambulisha tu. Kapokea mama mmoja mwenye sauti ya asali, kila neno "mpenzi". Nikampa anwani ya nyumba ya njano, nikamwambia tumefurahi sana kodi yake ni 1,140. Nikasikia anabonyezabonyeza.

"Mpenzi, hiyo si kodi ya nyumba. Hiyo ni kodi ya Bibi Opal."

Bibi Opal ana miaka themanini na nne. Alipofikisha sitini na tano kodi yake iligandishwa, haipandi tena. Ndilo neno alilotumia. Imegandishwa, kama kuku! Siku akiuza, barafu inayeyuka, na mnunuzi anakabidhiwa kodi mbichi: elfu tano na mia moja, hata nikijaza fomu ya nafuu. Elfu tano! Nikamuuliza si mlisema Texas hakuna kodi. Akasema ya mshahara ndiyo hakuna, mpenzi, ndiyo maana tunaifuata nyumba. Akaongeza kwa upole, je, nimeulizia bima ya mvua ya mawe? Nikasema mawe gani. Akaniambia ukubwa wake kwa mfano wa matunda. Aliishia kwenye chungwa.

Karatasi ya friji nimeigeuza uso ukutane na friji. Curtis sijamwambia.

Ijumaa, 8 Machi

Wazo! Limenijia nikimnyoosha Maisie miguu.

Wenye sitini na tano wanagandishwa. Haya, ni nani ninayemjua ana sitini na tano? Mama Verna, mama mkwe wangu! Kila Jumatano anakula mayai ya bei ya wazee pale mkahawani, mwaka wa nne huu. Nyumba tuiandike kwa jina lake, akae nasi, agandishwe.

Shida moja. Hatujaelewana tangu aseme masikio ya Maisie ni ya kwetu, si ya kwao. Nimeoka pai ya pichi. Maisie nimemtafutia kofia inayofunika masikio.

Jumamosi, 9 Machi

Mama Verna kala vipande viwili, ishara nzuri. Nikamweleza mpango kwa heshima zote. Umri wake niliutaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa. Uma ukasimama hewani.

"Binti, mimi nina hamsini na nane."

Nikauliza, na yale mayai?

"Yale ni mayai. Hii ni serikali."

Hamsini na nane! Nimeduwaa mpaka sasa. Miaka minne anaingia pale akichechemea! Na ile fimbo anayoiegemea kumbe ni ya marehemu baba mkwe!

Baadaye akamvua Maisie kofia, akambusu sikio moja, kisha la pili. Akasema kama nilitaka akae nasi ningemwalika tu, bila kumzeesha. Nikaona haya. Nikamkatia kipande cha tatu.

Kisha akampigia Curtis simu, akamweleza yote.

Jumapili, 10 Machi

Curtis hakufoka. Heri angefoka. Kauliza jambo moja tu: mwisho wa Aprili Maisie atalala wapi? Nimelia kwenye bakuli la nafaka na maziwa.

Nikashuka kwa Bwana Zielinski na kipande cha mwisho cha pai. Akala kwanza. Akaniambia juzi kuna mtu kaja kuviona vyumba vyetu, kavipenda. Ndipo akafungua droo, akatoa notisi yangu. Katikati ina duara la kahawa. Akasema mkataba una majina mawili na notisi ina sahihi moja, na karatasi ya namna hiyo kwake ni ya kuwekea kikombe. Yule mtu alimrudisha.

Tumetia sahihi mwaka mwingine, dola sitini zaidi kwa mwezi. Curtis kaandika jina lake taratibu, akinitazama. Mzee kasema atabadilisha dirisha lote. Si kwa ajili yangu, kasema, kwa ajili ya yule mwenye masikio.

Nimeapa kutohama. Nimeapa nikiwa nimeshika friji.

Jumatano, 13 Machi

Dirisha jipya limewekwa. Maisie kalala hakukohoa hata mara moja. Nilisimama pale mlangoni nikimsikiliza anavyopumua. Sitaki kitu kingine duniani.

Ila. Nilikuwa chini nasubiri nguo zikauke, simu mkononi. Alaska! Mshahara haukatwi kodi ya jimbo. Na jimbo lenyewe linakulipa wewe kila mwaka kwa kukaa tu! Hata mtoto analipwa! Mbona hakuna aliyeniambia?

Na nyumba nimeshaipata. Ya bluu, ua mkubwa, dirisha kila upande. Kodi ya nyumba: sifuri. Sifuri! Mwenyewe ni mzee wa miaka themanini na nane, pichani anatabasamu. Mtu wa umri huo hana sababu ya kunidanganya.

Notisi nimeshaiandika. Safari hii nimetumia akili. Nimeacha nafasi ya sahihi mbili.