Vita vya Shangazi na Mtaro Uliokanwa

Sogeeni, enyi mliowahi kushusha mguu kitandani mkakuta kandambili zimekwisha safiri! Tulieni niwasimulie vita vya Shangazi yangu, Mwenye Vyumba Sita, Simba Jike wa Fagio, dhidi ya Halmashauri yenye mihuri isiyohesabika.

Chanzo ni mtaro. Ulishuka kutoka barabara kuu kwa fahari, zege tupu, ukafika ukutani kwa Shangazi ukakoma, kama mgeni aliyesahau alikokuwa akienda. Mvua ikinyesha, maji ya mtaa mzima yaliingia vyumbani bila hodi. Wapangaji wanne walikwisha hama. Wa tano, fundi cherehani, alipanda juu ya stuli akatangaza:

"Mama mwenye nyumba, heshima yako ipo palepale. Lakini maji yakiingia tena, nahama. Mimi si kambare!"

Nyumba ile ndiyo shamba la Shangazi, ndiyo fimbo ya uzee wake. Ikibaki tupu, naye hana kitu. Akajifunga kibwebwe, akaishitaki Halmashauri.

Mara tatu tulikwenda mahakamani, mara tatu kesi ikaahirishwa. Mara ya nne akainuka wakili wa Halmashauri, Bingwa wa Tai Nyekundu, akakunjua ramani pana kama shuka, akanguruma:

"Mheshimiwa Hakimu! Tazama mashariki, tazama magharibi! Mtaro huu haumo. Halmashauri haikuuzaa, wala haimjui baba yake!"

Watu wakacheka. Shangazi akaninong'oneza, "Mwanangu, tumekwisha."

Mimi, mbeba faili, nilikuwa nikifunua karatasi mojamoja, kama anayechagua mawe kwenye mchele. Nikaiona. Barua ya Idara ya Afya ya Halmashauri ileile, ya mwaka juzi, yenye mhuri: Shangazi alionywa vikali kwa kumwaga maji ya kufulia "ndani ya mtaro wa Halmashauri." Siku alipoipokea alilia kwa aibu. Nikamwekea mkononi, kidole changu kikiwa juu ya mstari.

Shangazi akasimama, na benchi lote likaondokewa na uzito wake.

"Mheshimiwa, mimi sheria sikusoma. Lakini siku ya povu langu mtaro ulikuwa wao. Siku ya maji yao umegeuka yatima! Kama si wao, waniombe radhi kwa povu. Kama ni wao, waje wamchukue mtoto wao!"

Hakimu akasoma, akarudia, akavua miwani. "Wakili, mhuri huu mnautambua?"

"Unafanana na wetu, Mheshimiwa."

"Unafanana kama pacha, au kama jirani?"

Bingwa akaanza kukunja ramani. Ikagoma kukunjika. "Ni wetu."

Hukumu ikatoka: mtaro uendelezwe hadi bondeni ndani ya siku thelathini. Siku ya ishirini na tisa likaja jeshi la watu wanne na sepetu tatu, wakachimba, wakaurefusha mtaro hatua kumi na nane, hadi bondeni.

Kisha mvua ikanyesha. Fundi cherehani akafunga mizigo kabisa, akasubiri mlangoni. Maji yakashuka kwa kishindo, yakafika ukutani, yakapunguza mwendo kama yanayotafuta mlango yaliouzoea, halafu yakapinda kushoto. Fundi akaanza kufungua mizigo.

Na iandikwe, enyi vizazi, kwamba saa tisa alasiri siku ile mafuriko yalipita nje, na Shangazi, mshindi wa Halmashauri, alisimama kizingitini na miguu mikavu akiyaaga:

"Nendeni salama. Na msirudi hata kusalimia."