Mwonjaji Mkuu wa Jin ya Iyula

Jumatatu, 8 Septemba
Nimeteuliwa! Venance, mwenye baa hapa Chapwa, kaniita mwonjaji. Ijumaa anazindua jin ya Mama Tusekile wa Iyula, inayopikwa chupa chache chache kwa maua ya kahawa na vitunda vyenye harufu ya msonobari. Mimi nitanusa, nitaonja, nitawaeleza wageni. Nikifaulu, kazi ni ya kudumu. Nikishindwa, mke wangu Enesi keshaamua: Mbangala, kulima kwa kaka yake. Jembe kaliegemeza nyuma ya mlango. Shadrack wa kaunta naye anaitaka kazi hii. Ati ana pua! Pua ile inajua supu tu.

Jumanne, 9 Septemba
Venance kanipa chupa ya mazoezi. Kaonya nionje kijiko kimoja tu, chupa hiyohiyo itafunguliwa Ijumaa kwa wageni. Nimeonja. Maua ya kahawa, naam. Kijiko cha pili, kuhakikisha. Cha tatu, kutafuta ganda la ndimu. Kisha kijiko kikapotea, nikaona isiwe tabu.

Jumatano, 10 Septemba
Kichwa! Chupa tupu. Enesi kasema nimefaulu mazoezi, sasa nijiandae kwa Mbangala.

Alhamisi, 11 Septemba
Akili ni mali. Nimechemsha mchaichai, nikakamulia ndimu, nikachuja, nikajaza chupa. Imekuja na rangi ya mkojo wa mbuzi. Nikaongeza maji. Kwa taa za Venance, nani ataona?

Ijumaa, 12 Septemba
Nilinusa nimefumba macho. Nikasema nasikia umande wa Mbozi, kahawa imechanua, na ukali unaoshuka taratibu. Nikakohoa kidogo, kitaalamu. Makofi! Shadrack kanuna.

Mara Mama Tusekile akasimama. Kwetu Mbozi mpika pombe hutangulia kuonja mbele ya wageni, wajue haina sumu. Nilisahau! Mimi, mtoto wa Mbozi, niliyekulia kwenye vyungu vya kimpumu, pombe yetu ya ulezi! Kapiga funda. Kisha akauliza nani hapa ana mafua, maana dawa imefika. Baa nzima ikaangua kicheko. Mgeni mmoja tu, wa Nakonde, alisema chawama, yaani nzuri, akaomba na sukari. Kazi kapewa Shadrack. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumamosi, 13 Septemba
Mama Tusekile kaniita. Nikajua ananipeleka polisi. Kumbe anatafuta mwosha chupa. Kasema hajapata kuona mtu anayekausha chupa kama mimi. Nimekubali kwa heshima: Mkuu wa Idara ya Chupa! Mbangala imefutwa, na Shadrack akanywe supu yake.

Tena nimegundua jambo. Chupa zinazorudi kutoka baa huwa na tone chini, na haba na haba hujaza kibaba. Nimeazima jagi kwa jirani.

Nimemwambia Enesi arudishe jembe stoo. Kaliangalia jagi, kasema jembe litakaa palepale. Mwanamke huyu hana imani kabisa.