Yah: Kukamatwa kwa Mdogo Wangu, Tafadhali

Mheshimiwa Hakimu,

Shikamoo. Najua kiti chako hakipokei shikamoo, lakini nimelelewa Bukoba na siwezi kumwandikia mtu mzima bila kumwamkia. Naitwa Estella, fundi cherehani, meza yangu iko soko la Warwick, huku ugenini, karibu na wauza mitishamba. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mkalimani wa mahakama yako, Ndugu Godson, ameniahidi kutafsiri kila neno bila kulainisha.

Nalalamika kwamba mdogo wangu, Respicius, amenyimwa haki yake ya kukamatwa. Malalamiko ni haya:

1. Respicius na jirani yetu wa mtaa wa Berea, Désiré, walianza kuvuta unga mwaka uleule. Désiré aling'oa vioo vya magari kule Westville, akaletwa mbele yako. Ulimpa achague: jela, au anywe methadoni, dawa ya kuachia unga, kila asubuhi mbele ya nesi na kuripoti kwako kila mwezi. Akachagua dawa. Leo Désiré ana mashavu, na ananyoa watu saluni bila kumkata mtu. Shangazi yake, Mama Huguette, anatutambia kanisani kwa Kiswahili cha kwao: "Mtoto yangu iko na hakimu yake!" Respicius hana hakimu. Anasukuma mizigo ya wachuuzi tangu alfajiri, anavuta alichopata kwa jasho lake, na hajaiba hata kiberiti. Je, mwaminifu afe kwa sababu ya uaminifu wake?

2. Nilimpeleka kituo cha polisi mwenyewe. Afisa akauliza kosa lake. Nikamwambia mtazame, amebaki mifupa, tena jana alianguka barazani nikadhani ndiyo basi. "Eish, mama," akasema, "kukonda si kosa." Tukarudishwa nyumbani.

3. Nikaona nimsaidie apate kosa. Niliacha simu yangu mezani, nikaondoka makusudi. Alinikimbilia mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, anatweta: "Dada, umesahau simu!" Watu wakampigia makofi. Nilimgombeza njia nzima. Siku iliyofuata nikamtuma akaibe sufuria kwa Mama Huguette. Alibisha hodi, akaomba ruhusa. Alirudi na sufuria imejaa sombe, kisamvu cha kwao.

4. Mwishowe nilificha cherehani yangu chini ya kitanda cha Mama Huguette, nikaenda kituoni kuapa kwamba Respicius ameiiba. Nikatia sahihi. Hii ni wiki ya tatu, hakuna askari aliyekuja, nami nashona kwa mkono gauni la harusi ambalo mwenyewe analiulizia kutwa mara nne.

Wapo watakaokwambia kwamba dawa ile ni kubadilisha kamba tu, shingo ni ile ile. Mimi nina presha, nameza kidonge kila siku mwaka wa tisa sasa, na hakuna aliyeniita teja.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, umkamate Respicius kabla ya mwisho wa wiki. Kama sheria hairuhusu, basi utenge siku moja kwa mwezi kwa wale ambao bado hawajafanya kosa lakini wako tayari. Hilo nalo likishindikana, umhesabu kuwa mwizi kwa sasa, wizi wenyewe tutautafuta baadaye.

Nisalimie karani wako, askari wa mlangoni anayekagua mikoba kwa adabu, na wote wa nyumbani kwako.

Mwombaji wako ambaye subira imemwishia,
Estella

Tanbihi: Barua hii imekaa kwa Godson siku nne, na katika siku hizo mambo yamegeuka. Désiré alisikia ninachokuomba, akashika kichwa. "Dada Estella, pale kliniki tuko bengi. Bengine banakuya tu benyewe, bila hakimu!" Asubuhi yake nikampeleka Respicius. Nesi, Sista Deborah, hakuuliza kosa. Aliuliza jina. Leo ni siku ya tatu anakunywa dawa. Jana alikula sahani nzima, kisha akaniuliza tuko mwezi gani. Nilimwambia. Akasema, "Kumbe," akaenda kuoga.

Na leo mchana polisi wamekuja kumkamata kwa ajili ya cherehani. Nilipiga kelele kwamba nilidanganya. Wakasema sahihi ni yangu, wakaondoka naye.

Mheshimiwa, futa namba 1 hadi 4 na maombi yote. Cherehani nimeshaitoa, iko mezani, aje yeyote aione. Dozi ya Respicius ni kesho saa moja asubuhi, na Sista amesema siku hizi za mwanzo asikose hata moja. Mwongo ni mimi. Ikiwa karatasi zenu zinataka lazima mtu alale ndani, niandikeni mimi. Niko njiani nakuja, nimeshavaa sweta.