Hita ya Shangazi Nuhad

Jumanne, 3 Juni
Bendi yetu ina miezi minne na haijavunjika. Rekodi! Tunapiga bluzi, soul, roki na jazi, vyote sufuria moja. Karam gitaa, Nizar tarumbeta, Ruba anaimba, mimi madramu. Leo Ruba kaleta habari: Jumapili saa kumi jioni Bwana Sarkis, yule mwenye mkahawa ghorofa ya tano huko mtaa wa Burj Hammud, anakuja kutusikiliza hapa kwenye paa la shangazi Nuhad. Akitupenda, kila Alhamisi tuko kwake. Tumerukaruka kama watoto. Halafu Ruba akasema, jambo dogo tu, kwamba jukwaa la Sarkis ni finyu, na madramu yanakula nafasi ya watu watatu. Karam akanitazama. Mimi nikatazama viatu.

Jumatano, 4 Juni
Sina maneno, na shule niliacha darasa la sita. Lakini macho ninayo! Nimeona hivi: umeme wa serikali ukikatika, yaani karibu siku zote, nyumba ya shangazi inapata ampea tano tu za jenereta ya mtaa. Spika zetu na friji, basi. Ukiwasha hita ya maji ya kuoga, swichi kuu inaruka, nyumba nzima kimya. Gitaa la Karam kimya! Madramu hayali umeme. Nitabaki mimi peke yangu, na Sarkis atajua bendi inasimama kwa nani. Nina akili mpaka najiogopa.

Ijumaa, 6 Juni
Nimemwomba Ruba wimbo wa kwanza uwe bila madramu. Kashika kifua, kasema Wadih, una moyo mkubwa wewe. Karam kasema hatimaye nimekua. Nimeinama kwa unyenyekevu. Kutoka bafuni mpaka kwenye paa: ngazi kumi na nne, sekunde tisa. Nimepima mara sita. Shangazi kauliza kama tumbo linanisumbua.

Jumapili, 8 Juni
Sarkis kaja na kofia na bintiye. Karam akaanza kujikunja na gitaa. Nikashuka, nikawasha hita, nikapanda mbio. Kelele! Vigelegele jengo zima! Umeme wa serikali umerudi, na huo haujali hita! Jumapili! Saa kumi! Watu balkonini wanapongezana kama wameoa. Karam kaongeza sauti mpaka njiwa wa jirani wakahama.

Nimepiga nyimbo mbili, hita bado inawaka huko chini. Halafu umeme wa serikali ukaondoka, wa jenereta ukaingia, ukakutana na hita. Pu! Kimya. Nafasi yangu! Nikapiga. Nikapiga tena. Dakika nne nzima, macho nimefumba. Nilipoyafumbua, Sarkis kaziba masikio kwa vidole, na bintiye kamzibia tena juu ya kofia.

Shangazi akapanda akifoka: nani mwenye akili za kondoo kawasha hita yangu? Nikatazama viatu. Akasema kwani harusi zetu sisi zilikuwa na umeme? Akashuka, akarudi na darbuka, ile ngoma yake ya mkono ya juu ya friji, imejaa vumbi, akakaa kwenye kreti ya soda. Mungu wangu! Vidole vile! Ruba akaimba bluzi kwa koo tupu, Nizar akapuliza, Karam akashika mikono ya majirani waliopanda, wakacheza dabke, ile ngoma ya harusi ya kushikana mstari. Hata mimi nilicheza. Nilisahau kabisa kuwa ni msiba wangu.

Sarkis alitokwa machozi. Katuchukua! Ruba, Nizar, Karam, na shangazi. Kasema darbuka inakaa mapajani, haili nafasi. Shangazi kanishika mashavu, kasema unizike, roho yangu (ndivyo wazee wetu wanavyosema nakupenda), bila wewe nisingepata kazi.

Jumatatu, 9 Juni
Sijakata tamaa hata kidogo. Nimekwenda kukagua jengo la Sarkis. Ghorofa ya tano! Shangazi ana magoti mabovu, lazima apande lifti. Na bawabu kaniambia kila siku saa kumi na mbili kamili jioni wanabadilisha jenereta, lifti inakwama nusu saa. Alhamisi nitamleta saa kumi na mbili kasoro dakika moja. Yeye amekwama, bendi haina mpigaji, mimi huyo! Madramu nitayatanguliza asubuhi.

Shangazi kapiga simu sasa hivi. Anaogopa lifti, anataka nipande naye, nimbebee darbuka. Nimekubali haraka sana, asije akashtuka. Mpango uko palepale!